Mzizi wa Shinikizo la Damu na Maji ya Ubongo

Suala la dawa za miti shamba huzuka mara kwa mara katika madarasa ya sayansi, na likizuka huligawa darasa pande mbili. Upande mmoja hudai kuwa mizizi na magome ni imani za wazee wasiosoma. Upande wa pili hudai kuwa kitu kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru mtu, eti kwa sababu si kemikali. Pande zote mbili zimekosea, na kosa la pili ndilo la hatari zaidi, maana lina utamu wake na hupendwa hata na watu waliosoma. Atakaye kuyapima madai hayo mawili kwa ushahidi, na ayapime kwa historia ya reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotoka katika mzizi wa kichaka, ikawatibu wengi, ikawaumiza baadhi, kisha ikawafungulia wataalamu mlango wa ubongo.

Kichaka chenyewe huitwa kitaalamu Rauvolfia serpentina, nacho huota India na nchi zilizo jirani nayo. Waganga wa India walikijua kwa karne nyingi. Walikitumia kwa kuumwa na nyoka, kwa homa, kwa kukosa usingizi na kwa wagonjwa wa akili. Katika sehemu za Bihar mzizi wake uliitwa pagal ki dawa, yaani dawa ya mwenye wazimu, na msomaji wa Kiswahili atalitambua neno la mwisho bila ya mkalimani. Jamaa za mmea huo zipo Afrika pia. Rauvolfia vomitoria huota katika misitu ya Kongo na Uganda, na Rauvolfia caffra ndio msesewe wa Kilimanjaro, ambao Wachagga hutia gome lake chungu katika mbege. Kwa hiyo jambo linaloelezwa hapa si la ng'ambo peke yake.

Mwaka 1931 mambo mawili yalitokea India. Salimuzzaman Siddiqui na Rafat Hussain Siddiqui walitenga alkaloidi kadhaa kutoka katika mzizi huo, na mojawapo wakaiita ajmalini kwa heshima ya tabibu mashuhuri wa Delhi, Hakim Ajmal Khan. Mwaka huohuo madaktari Sen na Bose walitoa taarifa kwamba unga wa mzizi ulishusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili. Nje ya India taarifa hiyo haikushughulikiwa. Ilipita miaka 18 hadi mwaka 1949, daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alipochapisha katika jarida la madaktari wa moyo la Uingereza matokeo ya wagonjwa 50 aliowapa dawa hiyo huku akiwapima. Hapo ndipo Ulaya na Marekani zilipoinua macho. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni moja ya dawa mjini Basel, Uswisi, waliitenga reserpini, yaani kile kitu hasa kilichokuwa kikifanya kazi ile, na mwaka 1956 Robert Woodward wa Marekani alitangaza kuwa ameiunda katika maabara.

Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Mganga wa Bihar hakukosea: mzizi ule ulikuwa na nguvu aliyoidai. Lakini yeye hakuweza kusema ni kitu gani ndani ya mzizi, wala ni kiasi gani kilichotosha na kiasi gani kilichozidi. Mzizi mmoja huwa na dawa nyingi kuliko mwingine, kutegemea mahali ulipoota na majira ulipochimbwa. Kipimo cha reserpini kilichokuja kutumiwa kwa shinikizo la damu kilikuwa kidogo mno, baina ya miligramu 0.05 na 0.25 kwa siku. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Mtu anayepima dawa kali kiasi hicho kwa ncha za vidole, hata awe na uzoefu wa miaka 40, anabahatisha.

Mahitaji yalipokua na India ilipoweka vizuizi vya kupeleka mizizi nje, wenye viwanda waligeukia Kongo, nchi iliyoitwa Zaire kutoka 1971 hadi 1997. Mizizi ya Rauvolfia vomitoria ina reserpini nyingi, kwa hiyo ilichimbwa, ikakaushwa, ikatiwa magunia na kupelekwa Ulaya, kisha ikarudi Afrika ikiwa vidonge. Wengi wamekwisha kuulalamikia uchumi wa namna hiyo, na malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, hasara ya fedha ilikuwa sehemu tu ya hasara yote. Aliyechimba mzizi alibaki na shimo; aliyeupokea alipata mzizi pamoja na maswali yake yote, na maswali hayo, kama itakavyoonekana, ndiyo yaliyozaa mali kubwa kuliko vidonge.

Swali la kwanza lilikuwa hili: reserpini hushushaje shinikizo la damu? Miisho ya mishipa ya fahamu ina vifuko vidogo sana vinavyohifadhi kemikali za kupeleka habari, kama vile noradrenalini, dopamini na serotonini. Katika mishipa ya damu, noradrenalini ikitolewa huibana mishipa hiyo, na damu husukumwa kwa nguvu zaidi. Reserpini huziba mlango wa vifuko hivyo. Kemikali hazipati tena pa kuhifadhiwa, zinabaki nje ya vifuko na kuvunjwavunjwa na kimeng'enya, na hazina inapungua siku baada ya siku. Mishipa ya damu hulegea na shinikizo hushuka. Kwa vile ni hazina inayokauka polepole, dawa huchukua siku nyingi kuonyesha nguvu yake, na mgonjwa akiiacha nguvu hiyo haikomi mara moja.

Manufaa yake hayakuwa madogo. Mwaka 1967 hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilichapisha jaribio la wanaume 143 waliokuwa na shinikizo kubwa sana la damu. Watu 73 walipewa reserpini pamoja na dawa nyingine mbili, na 70 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopatwa na madhara makubwa katika kundi lisilo na dawa walikuwa 27. Katika kundi lenye dawa walikuwa wawili tu. Ni kweli kwamba sifa hiyo haiwezi kupewa reserpini peke yake. Lakini hilo lilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa kuonyesha bila shaka kwamba kushusha shinikizo la damu huokoa maisha, na mzizi wa waganga wa India ulikuwamo ndani yake.

Swali la pili lilikuja kwa njia ya madhara. Wagonjwa wa akili walipewa reserpini kwa vipimo vikubwa, miligramu kadhaa kwa siku, na baadhi yao wakaanza kukakamaa. Nyuso zao zilikuwa kama za sanamu, mikono ikatetemeka, na walitembea kwa hatua fupi za kuburuta miguu. Kila daktari aliyewaona aliutambua mfano huo: ni mfano wa ugonjwa wa Parkinson, ambao huwapata zaidi wazee. Dawa ilipoachwa, hali hiyo ilipungua. Hapo palikuwa na njia mbili. Mtengenezaji angeweza kuliandika jambo hilo katika karatasi ya maonyo na kuendelea na biashara. Njia ya pili ilikuwa kuuliza kwa nini.

Arvid Carlsson wa Sweden alikuwa miongoni mwa waliouliza. Katika maabara ya Bernard Brodie huko Marekani ilikwisha kuonekana mwaka 1955 kwamba reserpini huondoa serotonini ubongoni. Carlsson aliporudi kwao aliwapa sungura reserpini hadi wakalala kama magogo, masikio yameanguka. Alipowapa kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, hawakuamka. Alipowapa kemikali nyingine, L-dopa, waliamka na kutembea baada ya muda mfupi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walionyesha kwamba kilichorejea katika ubongo wa sungura wale kilikuwa dopamini, ambayo hadi wakati ule ilidhaniwa kuwa ni hatua tu ya kutengeneza noradrenalini na haina kazi yake yenyewe.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1960, mjini Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima bongo za watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson na kukuta upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka 1961 Birkmayer na Hornykiewicz walitangaza kwamba wagonjwa waliodungwa L-dopa walijongea tena. Mwaka 1967 George Cotzias wa Marekani alionyesha kwamba dawa hiyo ikimezwa, kwa vipimo vinavyoongezwa taratibu hadi kuwa vikubwa, huleta nafuu ya kudumu. Mpaka leo L-dopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo, na mwaka 2000 Carlsson alipata tuzo ya Nobel. Haya yote yalitokana na madhara ya dawa ya shinikizo la damu. Anayeficha madhara ya dawa yake, awe mganga au awe kampuni, hawanyimi wagonjwa usalama tu. Huenda ananyima dunia dawa nyingine.

Lakini madhara nayo hayana budi kupimwa, na hapa historia ya reserpini ina upande ambao vitabu vingi huupita haraka. Katika miaka ya 1950 ilitangazwa kwamba reserpini huwatia wagonjwa huzuni nzito, ile inayoitwa sonona. Kwa kuwa dawa hiyo hupunguza serotonini na noradrenalini, wengi walikata shauri kuwa sonona ni upungufu wa kemikali hizo, na nadharia hiyo ikatawala kwa miaka mingi. Ushahidi wenyewe ulikuwa hasa simulizi za madaktari kuhusu wagonjwa wao, bila ya kundi la kulinganisha. Palikuwa na jaribio moja lililofanywa kwa utaratibu, la Davies na Shepherd wa London, lililochapishwa mwaka 1955: wagonjwa wenye wasiwasi na huzuni waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliopewa reserpini walipata nafuu kuliko wenzao. Jaribio hilo halikulingana na nadharia, kwa hiyo likawekwa kando. Tathmini za miaka ya karibuni zimekiri kwamba ushahidi wa reserpini kuleta sonona haukuwa imara kama ulivyofundishwa. Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwaka 1974, jarida la Lancet lilipochapisha taarifa tatu kwa pamoja zilizoihusisha reserpini na saratani ya matiti. Hofu ilienea, wagonjwa wengi waliachishwa dawa, na utafiti uliofuata haukuuthibitisha uhusiano huo kwa nguvu iliyodaiwa.

Kwa nini ilikuwa vigumu kuukata ubishi wa huzuni? Kwa sababu hapana daktari awezaye kukata kipande cha ubongo wa mgonjwa aliye hai ili apime serotonini. Kwa hiyo watafiti waligeukia maji ya ubongo. Maji hayo hutengenezwa katika vyumba vilivyomo ndani ya ubongo, yanazunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kurudi katika damu. Mtu mzima anayo kiasi cha mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku. Yaani maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi baina ya alfajiri na alfajiri. Serotonini na dopamini zikivunjwa, mabaki yake huingia humo, na sindano iliyochomwa chini ya mgongo huweza kuyachota. Mwaka 1960 Ashcroft na Sharman wa Edinburgh walitoa taarifa ya kupima mabaki ya serotonini katika maji hayo, na mwaka 1966 Ashcroft na wenzake wakaonyesha kuwa yalikuwa haba kwa wagonjwa wa sonona. Kwa wagonjwa wa Parkinson, mabaki ya dopamini yalikutwa yamepungua.

Ni dirisha zuri, ila kioo chake si safi. Maji yanayochotwa kiunoni yamepita kwenye uti wa mgongo, ambao nao una serotonini yake, kwa hiyo si habari zote zilizomo zimetoka ubongoni. Mililita za kwanza hazifanani na za mwisho. Kulala au kusimama, urefu wa mtu na dawa alizomeza juzi, vyote hubadili hesabu. Mwanafunzi anayejifunza kusoma burete asidhani kwamba tahadhari ya kusoma mstari ni adabu ya darasani tu. Ugomvi mzima kuhusu kiini cha sonona umesimama juu ya tahadhari kama hizo.

Tena maji hayo yenyewe huweza kuwa ugonjwa. Afrika Mashariki huyajua maradhi hayo zaidi kwa watoto wachanga, wale wanaoitwa wenye vichwa vikubwa, ambao mara nyingi walipata maambukizo baada ya kuzaliwa, na hospitali ya Mbale nchini Uganda imejulikana duniani kwa namna mpya za kuwatibu. Kwa wazee ugonjwa huja kwa siri zaidi. Salomón Hakim, daktari wa upasuaji wa Bogotá, Kolombia, alimtibu kijana wa miaka 16 aliyeumia kichwa na kubaki bila fahamu. Vyumba vya ubongo wake vilikuwa vimepanuka, lakini shinikizo la maji lilikuwa la kawaida. Hakim alichota mililita 15 kwa ajili ya vipimo tu, na kijana akaonyesha nafuu. Mwaka 1965 yeye na Raymond Adams wa Boston walichapisha maelezo ya ugonjwa huo: maji hujaa bila ya shinikizo kuonekana kubwa, mgonjwa hutembea kwa kuburuta miguu kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni, husahau, na hushindwa kuzuia mkojo. Tiba yake ni mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi, ambao huyatoa maji ya ziada ubongoni na kuyapeleka tumboni.

Sasa afikiriwe mzee wa kijijini aliyeanza kuburuta miguu na kusahau. Majirani watasema ni uzee. Wengine watanong'ona kuwa karogwa, na akiwa bibi kizee mwenye macho mekundu, yeye mwenyewe ndiye atakayeitwa mchawi, jambo ambalo limewatoa roho wanawake wengi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Kumbe anaweza kuwa amepungukiwa dopamini, naye angehitaji L-dopa. Anaweza kuwa amejaa maji katika vyumba vya ubongo, naye angehitaji mrija. Anaweza pia kuwa anakunywa dawa inayozuia dopamini, ya dukani au ya mzizi aliopewa kwa shinikizo la damu, naye angehitaji kuachishwa kwa uangalifu. Kwa macho, miguu inayoburuta ni ileile. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba dawa ya mzizi haina madhara kwa kuwa ni ya asili ni kumfungia mlango mmoja kati ya mitatu. Na kumcheka kwa kuwa ametumia mzizi ni kumfanya auficha daktari anapoulizwa, na matokeo yake ni yaleyale.

Kwa hiyo mwalimu wa kemia au wa elimu ya viumbe asiuache mjadala wa miti shamba uishie katika kura ya mikono. Na auulize mti maswali yaliyoulizwa reserpini: ni kitu gani kilichomo, kiasi gani, kinagusa wapi mwilini, kinakaa siku ngapi, na ni nani aliyelinganishwa na nani. Maswali hayo hayahitaji mashine za Basel ili yaanze kuulizwa. Yapo bado yanayozaa matunda: tetrabenazini, dawa inayoziba mlango uleule wa vifuko ambao reserpini huuziba, iliidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa kutuliza miguno ya viungo ya ugonjwa wa Huntington, na jamaa zake mbili ziliidhinishwa mwaka 2017.

Wala vipimo vyote si vya gharama. Mzee anayeshukiwa kujaa maji ya ubongo hupigwa kwanza picha ya kichwa. Picha ikiunga mkono shaka hiyo, hutembezwa umbali uliopimwa, na muuguzi huhesabu hatua zake na kutazama saa. Kisha huchotwa mililita 30 hadi 50 za maji kiunoni. Baada ya saa chache, na pengine tena kesho yake, hutembezwa umbali uleule, hatua zikahesabiwa upya, na tarakimu mbili zikaandikwa sambamba katika karatasi moja.